Makala Yangu Imemuua Baba Mukwe

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe, tena kwa Kifaransa safi.

Wenzangu wa bureau ya kodi, ile makala yangu juu ya kukwepa kodi munaijua. Mara ya kwanza niliituma Kinshasa, kwa revue, gazeti ya wataalamu wa kodi, wakairudisha. Walisema théorie ni mingi, mufano hakuna. Niweke cas pratique, kisa ya kweli. Sasa cas pratique ningetoa wapi? (Mwenye kukwepa kodi hapiti bureau kutuaga.)

Hapo nikakumbuka mama ya Nabintu, muchumba wangu. Anauza vitenge soko ya Kadutu. Siku moja, akinipakulia bugali, alinielezea mwenyewe huku anacheka: watu wa kodi wakionekana, kila trimestre, ni kusema kila miezi tatu, anafunga kitambaa kichwani, anakaa chini, majirani wanaanza kulia. Eti mume amefariki. Nani ataomba kodi kwa mujane? Mara ingine wanamuachia hata rambirambi.

Nikaandika. Lakini mimi si mujinga. Vitenge nikageuza samaki ya kukauka, Kadutu nikageuza Nyawera. Makala ikatoka na jina yangu chini. Tangu siku ile nilianza kutembea polepole mu barabara, ili watu wapate nafasi ya kuniona.

Leo, kisha misa, nikapanda kilima ya Kasha, abacost, suti yangu ya heshima, imepigwa pasi, kwenda kusikia jibu ya mahari. Papa Bisimwa, baba ya Nabintu, mwalimu wa retraite, amestaafu zamani, alikuwa amekaa na wazee wa ukoo, revue iko ku magoti. Aliiazima kwa rafiki. Aliwaambia wazee kama mukwe wao anaandika mpaka Kinshasa. Miwani yake ilivunjika, basi akapanga kazi: mimi nisome Kifaransa, yeye atafsiri Swahili kwa mama na kwa wazee, sawa vile anatafsiria mapadri ku kanisa.

Page ya kwanza ilienda muzuri sana. Wazee hawakuelewa kitu, wakaniheshimu. Nilipofika ku ile mufano, nikalamba kidole. Nikaruka page.

"Simama," Papa akasema. "Umesoma 'sawa mufano huu inavyoonyesha.' Mufano iko wapi?"

(Mwalimu anaenda retraite. Masikio yake inabaki ku kazi.)

Nikarudi nyuma, nikasoma. Naye akatafsiri, na sauti ya kanisa: kuna mufanyabiashara mumoja wa samaki, kila trimestre anatangaza matanga. Wazee wakacheka. Mama hakucheka. Mume wake, Papa akaendelea, ni mwalimu wa retraite, iko muzima kabisa, analala kila mchana, hajui kama anakufa.

Papa akaacha kutafsiri. Mwalimu wa retraite! Samaki niligeuza, soko niligeuza, mume nikamusahau vile alivyo. Nilitamani udongo wa Kasha unimeze, na unajuaka kumeza hata nyumba.

Alimugeukia bibi yake polepole. "Mama Nabintu, mimi nimekufa mara ngapi?"

Mama aliacha swali ya mume. Aliniangalia mimi. "Na bugali yangu ulikula," akasema.

Wakaniomba nitoke kidogo. Nikasimama inje, karibu na jiko, nikijua kama Nabintu ananipotea. Nilisikia sauti ya mama, kisha ya wazee. Kisha nikasikia Papa anacheka. Roho ikatulia. Nikajifunga vifungo vya abacost, nikapiga hodi.

Alifungua Papa mwenyewe. Hakuwa anacheka tena.

"Citoyen, utusamehe," akasema. "Mambo ya ndoa hatuwezi kuzungumuza leo. Tuko na matanga."

"Nani amekufa, Papa?"

"Mimi."

Nyuma yake mama alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, wazee wote wameinamisha vichwa. Nabintu alificha uso mu kitenge. Mabega yake ilikuwa inatikisika, na haikuwa kilio.

Ningefanya nini? Niliingiza mukono mu mufuko, nikatoa rambirambi. Marehemu akapokea na mikono mbili, akanishukuru. Nikauliza kwa heshima kama matanga itaisha lini. Akaniambia nirudi trimestre ijayo.

Basi, tafazali, mutu asinicheke. Nimefiwa.