Viongozi Watatu wa Kwaya Moja

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Matokeo yametoka! Mjukuu wangu Lucie amepata asilimia sitini na nne. Sasa chuo kikuu cha Lubumbashi kinataka barua: ajieleze yeye ni nani. Balaa. Mtoto huyu haongei. Akija mgeni, anakimbilia jikoni kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Nimemwambia aniachie mimi. Nawaandikia watu barua tangu tulipokimbia mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa hili hili, mwaka 64. Akasema sawa, Babu. Kwake hayo ni mazungumzo marefu.

Jumanne, 5 Agosti
Kurasa tatu! Lucie ni kiongozi wa kwaya, sauti ya kizazi chake. Nilipoisoma mara ya pili nililia. Jirani Edmond, aliyeniita mwaka jana karani wa hewa, akaja na kuku. Eti Papa Hippolyte, Kalemie nzima hakuna mukono kama wako, muandikie na Germain wangu. Ningefanyaje? Kuku alikuwa mnene. Jioni Mama Christiane akaja kwa ajili ya binti yake. Nilichoka. Nikanakili.

Alhamisi, 7 Agosti
Aibu! Kila barua lazima ipate muhuri wa prefe, mkuu wa shule. Ameniita bironi, ofisini kwake, barua tatu mezani. Papa, akauliza, kwaya yetu njo moja. Viongozi watatu wanaongoza nani? Nikasema wanapokezana. Akasema Germain haimbi hata kanisani. Edmond anadai kuku wake. Nimemjulisha kwamba ameshaliwa. Barua za mwisho zinaondoka na treni ya Jumamosi. Lucie akikosa, shangazi yake wa Kabimba anamchukua akamlelee watoto. Amekwisha kumtandikia mkeka.

Ijumaa, 8 Agosti
Alfajiri nimemfuata Lucie ziwani. Yuko kwenye jiwe la kufulia, anapima kimo cha maji kwa vidole. Kila asubuhi, miaka mitatu, madaftari mawili yamejaa! Na mimi sikujua. Nikauliza kwa nini. Akasema: wewe, Babu, ukitazama maji haya unaiona Baraka, nilitaka kujua kama yanatukaribia au yanatukimbia.
Mlango wetu kule ulikuwa hatua arobaini kutoka majini. Leo ni ngapi?
Akaandika mwenyewe, nusu ukurasa: jiwe, vidole, na kwamba hapendi kusema kabla ya kupima. Nikamsihi aongeze kwaya, japo kidogo. Akakataa. Prefe akasoma mara moja, akapiga muhuri.

Jumapili, 5 Oktoba
Amekubaliwa, jana amepanda treni. Kupitia dirishani akanipa daftari jipya: Babu, unipimie, uniandikie vile yalivyo, usiongeze. Nikaapa.
Nyumba kimya. Ajabu, na yeye hakuwa na kelele. Lakini kimya chake kilikuwa na mtu ndani.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimepima juma zima. Maji yameshuka kidole kimoja. Habari gani hiyo ya kumpelekea mtoto aliye mbali? Nimeandika kwamba yamepanda vidole kumi na viwili, jiwe limezama, mama zetu wanafua mlangoni kwa Edmond.
Hatasadiki hata kidogo. Itabidi aje apime mwenyewe.