Soketi ya Marehemu

Jumatatu, 13 Januari

Inveta imefika, ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani! Shemeji Ostap kaituma kutoka Gdansk, pamoja na betri ambayo mimi na dereva tumeipandisha ghorofa ya tatu tukipumzika kila ngazi ya tano. Maelekezo ni ya Kipolandi. Sijui Kipolandi. Nimetazama michoro. Nimeelewa.

Haraka ipo. Tangu mitambo ya umeme ipigwe vitani, hapa Odesa umeme unakaa nasi kwa muda wa saa mbili, halafu hatuuoni kwa saa nne. Na mama mkwe, Zinaida Markivna, anapumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika anahamia kwenye mtungi. Mtungi umebaki mmoja, na mshale wake uko nusu. Kila nikipita nautazama.

Rimma, mke wangu, kasema tumwite Hanna, fundi umeme wa ghorofa ya kwanza. Nimekataa. Nimemwambia Hanna ana foleni mpaka Jumamosi. Sababu yenyewe: mwaka jana aliniambia mbele za watu nisiguse hata balbu. Tena wateja wote wa saluni ninakofanya kazi wameshasikia kwamba nafunga mwenyewe. Nimewakumbusha nyumbani kuwa nilikulia Kutaisi, Georgia, miaka ile ya giza, na tuliwasha redio kwa betri ya trekta. Rimma kauliza ile redio iliishia wapi. Iliungua.

Naandika hapa tu, pasipo na mtu: umeme nauogopa. Nauogopa tangu ile redio.

Arkadii anayekaa juu yetu, mwenye inveta yake tangu Oktoba, kanikuta ngazini akauliza kama bado tunakula kwa mshumaa. Tutaonana.

Jumanne, 14 Januari

Ukaguzi. Nyumba hii ni ya mama mkwe, tulihamia vuli alipozidiwa, na nyaya zake sizijui. Kwetu Kutaisi kulikuwa na laivu, waya wa kuleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha, basi. Hapa ukuta umebeba nyaya za tawala tatu, na zote zimezeeka mpaka zimekuwa rangi moja, rangi ya chai. Nimefungua sanduku la fyuzi. Fyuzi za kaure. Ndani ya mojawapo, badala ya fyuzi, msumari! Nimelifunga sanduku taratibu nikaenda kukaa kidogo.

Baadaye nimerudi na glavu za Rimma za kuoshea vyombo na galoshi, viatu vya mpira, za marehemu baba mkwe. Nimechomeka testa, bisibisi yenye kitaa, kwenye soketi ya jikoni. Tundu la kushoto ikawaka. Vizuri. Tundu la kulia nalo ikawaka. Si vizuri. Umeme unatakiwa kuwa kwenye tundu moja tu.

Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kitini, mikono juu ya bomba la joto, lile la maji moto ya kupashia nyumba, ndipo anapoipasha siku nzima. Akashusha barakoa.

"Mkwe wangu, soketi nyingine zote gusa. Hiyo ya jikoni iache. Ni ya marehemu."

Nimeuliza kwa nini. Kageukia dirishani, akarudisha barakoa. Mumewe, mzee Yukhym, alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na soketi yake bado haiguswi. Imani za wazee hizi.

Alhamisi, 16 Januari

Mshale wa mtungi: robo. Jana sikugusa kitu. Nilisema nasoma michoro. Niliogopa tu.

Leo nimejikaza. Nimetengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili. Ncha moja kwenye inveta, nyingine kwenye soketi yoyote ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna Hanna. Sielewi kwa nini dukani hawauzi kitu kama hiki.

Soketi ipi? Ya jikoni. Haina kabati mbele, iko karibu na roshani palipo betri. Marehemu atanisamehe, haitumii.

Saa tano asubuhi, umeme umekatika. Nimezima swichi kuu. Nimewataja watakatifu wote wa Georgia ninaowakumbuka, wanne. Nimechomeka. Rimma akabonyeza inveta.

Taa! Jikoni taa, korido taa! Mashine ya mama mkwe ikaanza kuvuma! Nimetaka kulia. Nimepiga dari kwa mpini wa ufagio ili Arkadii ajue.

Dakika nne.

Kisha juu kukasikika kishindo, bakuli likavunjika, na Arkadii akamtaja mama yake. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anapeleka mikono kwenye bomba lake la joto. Sijui nilijuaje. Nilipiga ukelele, nikang'oa plagi ukutani.

Sasa hapo ndipo upumbavu wa waya wangu ulipojitokeza. Plagi iko mkononi, meno yake nje, na umeme wote wa inveta uko ndani yake. Siwezi kuishika, siwezi kuitupa, mama mkwe yuko hatua mbili. Nimesimama katikati ya jikoni na galoshi, mkono umenyooka, nikimwita Rimma kwa sauti ambayo mwanamume hapaswi kuwa nayo. Rimma akazima inveta. Amemhamisha mama yake chumbani, na mimi nimekaa sakafuni nusu saa.

Ijumaa, 17 Januari

Arkadii kashuka na kidole kimefungwa bandeji. Anasema alikuwa amelikumbatia bomba lake la joto, baridi imemzidi, likamrusha mpaka kwenye saladi. Anadhani inveta yake imeharibika.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliiona kabisa ikipita. Nikasema inveta za siku hizi, jirani, si za kuamini.

Kaenda kuizima! Leo yeye ndiye anakula kwa mshumaa. Nimefurahi kwa muda wa dakika kumi, mpaka Rimma aliponiambia Arkadii kamwita Hanna aje kesho kupima mabomba yote, nyumba kwa nyumba. Mshale wa mtungi uko kwenye wekundu. Mama mkwe anavuta pumzi fupifupi ili asiumalize, na ananitabasamia, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 18 Januari

Hanna kaanzia kwa Arkadii. Nilimsikiliza akishuka na bomba, akigonga. Akafika kwetu. Kaangalia galoshi, kaangalia inveta, kaangalia waya wangu wenye plagi mbili uliokuwa chini ya mto. Kisha kafungua soketi ya jikoni.

Waya mmoja ulikwenda kwenye sanduku la fyuzi, kama nyaya za watu. Wa pili uliingia nyuma ya vigae na kufungwa kwenye bomba la joto. Hanna kaeleza polepole, kama kwa mtoto: huo ni ujanja wa zamani wa kuifanya mita ya umeme isizunguke, ili usilipe. Arkadii alipoweka mabomba ya plastiki, bomba letu na lake yakabaki hayaendi ardhini, umeme ukakosa pa kutorokea. Nilipotia umeme pale, niliutia kwenye vyuma wanavyoshika watu. Na swichi kuu ninayojivunia kuizima inakata waya mmoja tu kati ya miwili.

Nimeona upenyo. Nikasema kwa huzuni kwamba mzee Yukhym, Mungu amrehemu, hakupaswa.

Mama mkwe akavua barakoa.

"Yukhym hakujua hata kubadilisha balbu. Niliufunga mimi, mwaka themanini na tatu."

Zinaida Markivna alikuwa msoma mita wa mtaa huu kwa miaka ishirini na sita.

Rimma kauliza kwa nini basi hakusema. Kasema aliona aibu, afadhali marehemu aogopwe. Akaanza kukohoa, na Hanna akaacha kuhoji akafanya kazi. Kaukata ule waya wa bomba. Msumari wa kwenye fyuzi kauweka mfukoni. Inveta kaivutia waya wake mpya mpaka soketi moja tu, kitandani kwa mama mkwe, na swichi ya kugeuza inayokata nyaya zote mbili, ili umeme wa mji na wa betri usikutane kamwe. Taa za jikoni hazimo. Nimeuliza. Kanitazama, nikaacha kuuliza.

Mashine ikavuma saa tisa, mshale ukiwa umelala. Mama mkwe kalala mdomo wazi, mashavu yana rangi. Nimetoka koridoni nikalia.

Kabla hajaondoka, Hanna kanipa mkasi na kuniamuru niukate waya wangu mbele yake. Nimeukata katikati. Nimeapa kwa mama yangu aliye Kutaisi kwamba umeme sigusi tena.

Jumanne, 21 Januari

Mashine inavuma siku ya nne. Saluni wameniuliza nani kafunga. Nimesema kazi ilikuwa ngumu, hasa ile swichi ya kugeuza. Sikusema uongo.

Tatizo dogo. Kwenye kiti alikuwapo Bi Fira wa duka la mikate ng'ambo ya barabara. Naye kaletewa inveta, na Hanna hana nafasi mpaka Februari. Alinishika mkono mbele ya wateja sita. Ningesemaje?

Nusu mbili za waya nilikuwa nazo. Mama mkwe kanipa utepe wa kuzifungia, akanong'ona nisimwambie Rimma. Ukiufunga vizuri, kiungio hakionekani.

Naogopa, bila shaka. Lakini sasa nina uzoefu, na jambo la kwanza nimemuuliza Bi Fira kama kuna soketi isiyotumika. Kasema ipo moja karibu na jiko la kuokea, baba mkwe wake aliwakataza wote kuigusa.

Kesho naanzia hapo hapo.