Mnyoa Mbwa Ataingia Ulingoni

Jumatatu, 3 Machi

Mkate ukidondoka sakafuni. Ndivyo ilivyolia ngumi ya kushoto ya Baba kwenye mbavu za mpinzani wake Mskoti, miaka ishirini iliyopita. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa safu ya tatu. Leo asubuhi nimeisikia tena nikipiga mswaki, nikajua inanitaka nifanye jambo. Bingwa wa zamani wa Uingereza hawezi kuishia hapa Wigan akila pai na kubishana na televisheni. Jina la Ollerenshaw lirudi kwenye mabango! Na wa kulirudisha ni mdogo wangu Kieran.

Tatizo ni Kieran. Miaka ishirini na miwili, mabega kama kabati, na kazi yake ni kuosha na kunyoa mbwa wa watu. Ndondi za ridhaa kapigana mara kumi na moja, na kila akimpiga mtu humwomba radhi. Nimemwambia wakati umefika wa kuingia ndondi za kulipwa, na meneja wake ni mimi. Akauliza ndondi nazijulia wapi. Nikamjibu nina shahada ya historia ya Warumi, watu waliojua kutazama wenzao wakiuana. Akasema sawa dada, ila Ijumaa ana mbwa wawili wanaokwenda harusini.

Jumatano, 5 Machi

Tickle, promota anayeandaa mapambano, amekubali! Jumamosi saa tano asubuhi atakuja kwenye jimu ya Baba kumwona Kieran akicheza raundi nne za majaribio. Akimpenda, jina linaingia kwenye bango la Mei. Akauliza Barry mwenyewe, yaani Baba, anasemaje. Nikasema amejaa furaha.

Baba alikuwa hajui. Nilipomweleza hakuinua macho kwenye sahani. Alisema kijana ana mikono mizuri sana, ya kunyolea mbwa.

Mpinzani nimempata: Lenny Pickavance, miaka thelathini na minane. Kapigana mara mia moja arobaini na mbili, kashinda tisa. Tisa! Watu wa aina yake wamejaa huku, na kila chipukizi huanzia kwao. Wanapanda ulingo wa ugenini, wanashindwa kwa pointi, hawaumizi, hawaumii, wiki inayofuata wako mji mwingine wakishindwa tena. Binadamu mwenye mbavu za kukodisha. Mimi nisingemwamini hata na mfuko wa viazi.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kumwachia mtu kama huyo atumie akili zake. Nimemwandikia barua. Karatasi nzito, wino mweusi. Aanguke raundi ya pili. Aangukie upande wa hita, ndipo Tickle atakapokaa. Alale mpaka ihesabiwe kumi, na asitabasamu.

Nimempelekea mwenyewe kwenye gereji anakofanya kazi mchana. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole. Akauliza kama nimesoma chuo kikuu. Nikasema ndiyo, Durham. Akasema inaonekana. Kisha akaikunja, akaichomeka kwenye soksi.

Nimefarijika. Hata mtu wa aina ile huitambua elimu akiiona.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Raundi ya kwanza Lenny hakupiga hata ngumi moja. Alikuwa hayupo tu. Kieran alipiga hewa, alipiga kamba, alipiga nguzo, nusura ampige Baba aliyesimama kando ya kamba. Lenny akawa anampapasa paji la uso kwa glavu huku akimuuliza, "Eti bwana mdogo, mbwa wangu anajikuna masikio kutwa, ni viroboto hao?" Na yule zuzu akamjibu! Katikati ya ulingo! Akamtajia mpaka mafuta ya kupaka.

Raundi ya pili Lenny akaanza kumrudisha nyuma kwa ngumi ndogondogo, taratibu, kama mtu anayehamisha friji. Walipofika upande wa hita, akanigeukia. "Hapa, dada? Au nimsogeze kidogo?"

Akampa moja ya tumbo. Kieran akakaa chini mbele ya Tickle kabisa, akamsalimia.

Tickle alicheka hadi akajimwagia chai. Lenny akaahidiwa kazi hadi Krismasi. Kuhusu Kieran alisema ni kijana mwema, binti yeyote angefaidi kuolewa naye. Akaenda kutafuta pai.

Jumapili, 9 Machi

Baba amenieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa. Watu kama Lenny hushindwa, hawaanguki. Anayeangushwa ulingoni hufungiwa kupigana kwa wiki kadhaa, na wiki hizo nyumbani kwake hawali. Lenny hajalala chini kwa miaka kumi na minne. Ningenyamaza tu, angemchezesha Kieran raundi zote nne na kumfanya aonekane simba. Ndiyo kazi yake. Lakini nilimwandikia.

Kwa hiyo kosa ni la Lenny. Mtu mzima na kususa kote huko!

Kieran anasema hataki tena. Ameshapata chumba cha kufungulia duka lake karibu na stesheni. Alinishika mkono, akasema, "Bernie, dada yangu, niache ninyoe mbwa wangu. Nina raha." Nilitikisika. Kidogo.

Baba akaongeza kwamba nyumba hii imezaa bondia mmoja tu, na si Kieran. Nikamsahihisha: yeye alizaliwa Bolton. Akawasha televisheni.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili nimejichunguza bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona. Nilimshirikisha Kieran mapema mno.

Fomu ya leseni ya ndondi za kulipwa nimeiposti leo saa tatu asubuhi. Sahihi yake nimemwekea mimi, na imetoka nzuri kuliko yake. Nimepiga simu pia: kamati inasaili waombaji Manchester tarehe ishirini na saba. Kieran nimemwambia siku hiyo tunakwenda kwenye maonyesho ya mbwa. Kafurahi mno. Kaahidi kuvaa suti.