Sekunde Nne za Mama

Alhamisi, 7 Agosti 1986

Nimelala kwa saa tatu tu. Tessie anaota jino. Lakini leo ni leo!

Ile filamu ya wasafirisha gongo imerudi kwenye sinema yetu ya uwanjani, ile ya kutazama ukiwa garini, siku tatu kama kila Agosti. Waliitengeneza hapa hapa milimani mwaka 1957, na nusu ya wilaya imo ndani. Ndugu yako akitokea, unampigia honi ya gari. Ndiyo desturi. Mama anatokea sekunde nne: gari la gongo linakata kona, msichana mwenye kapu la mayai anaruka kando. Mama alifariki nikiwa na mimba ya Tessie. Picha zake zote kasimama kama nguzo. Pale tu ndipo anatembea.

Tatizo ni shangazi wa mume wangu, Oralee. Anadai msichana yule ni yeye! Kila mwaka anajipigia honi.

Mpango: niwahi mimi. Tulipaki safu ya mbele. Kona ikakaribia. Tessie akanitapikia shingoni. Nikapapasa, nikabonyeza. Kuinua macho, kwenye skrini yuko nyumbu anavuta mkokoteni. Shangazi Oralee akachungulia kutoka gari lake, akauliza kumbe na nyumbu ni wa kwenu? Magari matatu yalicheka. Nilipomaliza kujifuta, Mama alishapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mpya: honi ya lori la magogo! Mume wangu Doyle alisema honi ile inafukuza dubu. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Akasema, mke wangu, hebu lala kidogo. Nitalala Septemba.

Akaifunga kwenye gari letu. Sauti ya ajabu! Nilibonyeza mapema kidogo, nisipitwe. Ikakwama. Ililia polisi walipovuka daraja. Ililia wapenzi walipobusiana. Ililia mhubiri alipokuwa akizika. Doyle kichwa ndani ya boneti, koleo mkononi, ananiita kwa hasira majina yote mawili niliyobatizwa. Mwenye uwanja alikuja na tochi, akasema kwa upole kwamba kama tuna msiba tukaulilie nyumbani.

Mama sikumwona. Tessie alilala fofofo, mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Shangazi Oralee kaleta sahani ya mkate wa mahindi. Eti amesikia ukoo wetu umepotewa na sauti. Nikasema asante, Shangazi. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Yake ilirudi tupu.

Doyle amekata nyaya zote. Gari halina honi hata ya kumtisha kuku. Tulienda hivyo hivyo.

Ukungu ulishuka mlimani ukalala juu ya magari, vimulimuli wachache wakiogelea ndani yake. Spika dirishani ikinong'ona. Tessie mapajani, macho wazi. Kona. Gari. Vumbi. Msichana akaruka. Halafu, akidhani kamera imeshaondoka, akasimama kwa mguu mmoja, akajikuna kigimbi kwa unyayo wa mguu wa pili.

Ndivyo Mama alivyosimama kila jioni mbele ya jiko.

Sijui kama nilipumua. Mimi nina ishirini na sita, yeye kumi na tisa. Nilitaka kumwambia avae sweta. Tessie alinyoosha mkono kwenye skrini kama anayeomba kubebwa na mtu anayemjua.

Honi ya Shangazi Oralee ilianza, ikakatika katikati. Alikuja akaegemea mlango wetu, akashika kidole gumba cha mguu wa Tessie. Akasema miaka yote hii alikuwa akiangalia uso tu. Mguu ule ni wa mamako, mwanangu, akasema.

Akaenda hatua mbili, akageuka. "Ila kapu lilikuwa langu! Aliliazima, na halikurudi!"

Jumapili, 10 Agosti

Jino limetoka. Nimeamka mwepesi kama pamba. Nimeapa: ugomvi basi. Nimemwona Mama, ninataka nini tena?

Kanisani, kabla hata ya wimbo wa kwanza, Shangazi Oralee alikuwa akiwatangazia watu kwamba mwakani atalipigia honi kapu lake.

Kapu! Lililosukwa na bibi yangu!

Saa tisa nimepeleka pai mbili za pichi kituo cha zimamoto. King'ora chao kinafunguka kwa bolti nne tu. Nimeuliza kama huwa kinakwama. Wamesema kiliwahi kukwama mara moja tu.