Daktari Ngoma Apimwa Masikio

Daktari Ngoma, ambaye wakati huo hakuwa daktari wa kitu chochote, alikwenda kwenye karakana ya mafundi bati kununua ndoo. Aliuliza bei mara nne, na mara zote nne fundi akamwambia subiri amalize kugonga, kisha akaendelea kugonga. Karakana nzima watu waliongea kwa kupigiana kelele, mikono nyuma ya masikio. Ngoma akasimama katikati yao akitabasamu kama mtu aliyeokota pochi. Ndoo aliisahau hapohapo.

Ghorofani, juu ya karakana ileile, palikuwa na chumba kitupu. Akakichukua.

Mafunzo yake ya utaalamu wa masikio yalichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, katika duka la kuchapisha kadi za harusi. Mchapaji alimwonyesha vyeti vya aina tatu, naye kwa unyenyekevu wa kisomi akachagua chenye mihuri mingi. Vifaa navyo havikumtoa jasho: hedifoni kuukuu, kisanduku cha redio chenye kitufe cha kutoa mlio mdogo wa "ti", na bakuli la vifuniko vya kalamu vilivyokatwa na kupakwa rangi ya ngozi. Hivyo vifuniko ndivyo alivyoviuza kama vifaa vya kusaidia kusikia.

Mgonjwa alivaa hedifoni, na akisikia ti, anyooshe mkono. Sasa nani atasikia ti wakati chini ya miguu yake kuna nyundo kumi na mbili? Walifeli wote. Mara chache alitokea mbishi.

"Lakini daktari, mbona wewe nakusikia?"

"Hunisikii, mzee wangu. Unanisoma midomo."

Mbishi aliondoka amekistaajabia kipaji chake mwenyewe, vifuniko viwili masikioni.

Mteja mnono kuliko wote alikuwa mwenye nyumba. Yeye hakuwa na haja ya kusikia anachoambiwa. Alitaka kusikia wapangaji wanamsema nini nyuma ya ukuta. Ngoma akamtolea vifuniko vyekundu, akamhakikishia kwamba hivyo hupenya tofali. Malipo yake yakawa chumba bure mwaka mzima, kwa maandishi. Baada ya wiki mwenye nyumba akarudi.

"Nimebandika sikio ukutani siku saba. Sisikii kitu."

"Basi hawakusemi, bosi. Wanakupenda."

Mwenye nyumba akashuka ngazi akipangusa machozi.

Mambo yakaendelea kumnyookea hadi asubuhi alipoingia mama mmoja wa makamo, viatu bapa, begi kubwa begani. Alikitazama cheti kwa muda mrefu, muhuri baada ya muhuri.

"Chumba cha kimya cha kupimia kiko wapi, mwanangu?"

"Ndicho hiki, mama." Nyundo zikashangilia.

"Na hicho chombo, leo umekivaa mwenyewe ukakisikiliza?"

"Mimi ni mtaalamu, mama. Mgonjwa ndiye anayepimwa."

"Sawa. Ila mimi mwoga. Kaa wewe kwanza nione kama hakiumi."

Ngoma akacheka, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akavaa hedifoni. Mama akazunguka nyuma ya meza, akainama kidogo juu ya kisanduku, akainuka. Ngoma akangoja ti. Akangoja tena. Tabasamu likaanza kumchoka usoni.

"Anza basi, mama."

"Nimeshabonyeza mara kumi na moja."

Ngoma akayashika masikio. Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa juu ya nyundo zile kutwa kucha. "Lakini nakusikia!"

"Hunisikii, mwanangu. Unanisoma midomo."

Maneno hayo aliwaambia watu wengi mno, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kama ni ya kweli. "Na nyundo je? Nazisikia!"

"Unazisikia kwa miguu."

Ngoma akainua miguu yote miwili hewani. Nyundo bado zilikuwepo.

"Kiti nacho kina miguu," mama akasema kwa huruma.

Hapo Ngoma akaogopa, na aliogopa kweli. Mama yake mzazi, uzeeni, alikuwa akiuliza kila jambo mara tatu, mpaka Ngoma akachoka na kuacha kumsimulia chochote. Alimkumbuka ameketi katikati ya familia, anacheka wengine wanapocheka, bila kujua kimechekesha nini. Machozi yakamlenga. "Nifanye nini, mama? Niokoe."

"Mwezi mzima mahali pa kimya. Una ndugu asiye na maneno mengi?"

"Dada yangu. Tena tumenuniana, hatusemezani."

"Huyohuyo anafaa."

Lakini wagonjwa hawawezi kuachwa yatima, mama akaeleza, yeye atawaangalia, kwa hiyo Ngoma akamwandikia chumba na mkataba, akamkabidhi na funguo. Mama akamtia masikioni vifuniko viwili kutoka bakuli la Ngoma mwenyewe, akamsindikiza hadi ngazini.

Mwezi ulipokwisha, Ngoma alirudi asubuhi moja na vifuniko vyake. Magodoro yalikuwa yamepigiliwa kutani na sakafuni. Mafundi, kwa makubaliano mapya, waligonga alasiri tu, vipimo vikiisha, na kila mmoja alikuwa na vizibo vya masikio. Nje ya mlango palikuwa na foleni ndefu ya nyuso alizozifahamu, kwa hiyo akapita upesi ameinamisha kichwa. Ukutani palikuwa na cheti chenye muhuri mmoja. Wanafunzi wawili walikuwa wakiandika, na mama yule akiwafundisha, kama alivyofundisha wapima masikio kwa miaka thelathini.

"Nimekuja kuchukua chumba changu," Ngoma akanong'ona.

"Kaa."

Akamtoa vifuniko kwa kibano, akamulika sikio la kulia, kisha la kushoto, akamvika hedifoni. Ti. Mlio mwembamba, safi. Ngoma akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Masikio yako ni mazima. Yalikuwa mazima siku zote."

"Na siku ile?"

Mama akainua waya wa hedifoni. "Siku ile nilichomoa plagi. Anayeijua kazi hii huvaa chombo mwenyewe kila asubuhi, akakisikiliza, ndipo amwite mgonjwa wa kwanza. Hilo ni somo la siku ya kwanza."

"Umenitapeli!"

"Nimekupima. Nilitaka kujua kama umesoma."

Ngoma akautazama mlango, akaikumbuka foleni, akanywea. Akamwinamia mama sikioni, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia:

"Mama, hakuna mlango mwingine wa kutokea?"

"Hakuna," akajibu mwenye nyumba kutoka kule nje, mwisho kabisa wa foleni, kifaa kipya kiking'aa nyuma ya sikio lake. "Na wapangaji wangu, Daktari, nimeshawasikia wanachosema."