Pole kwa Watu wa Garda

Jumatatu, 3 Februari 2025
Jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: nimemdanganya mtawa. Sista Jerotich, msimamizi wa nyumba ya wageni ya parokia, anatafuta msichana mmoja wa mapokezi. Tulioomba ni wawili, mimi na Natalie. Sote tumemaliza shule juzi. Natalie huongea na watu bila kutazama viatu vyake. Sista alisema Jumapili watakuja walimu wanne wastaafu kutoka Ziwa Garda, Italia, akauliza nani anajua lolote kuhusu huko. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema nalijua vizuri. Vizuri! Nilikuwa nimelisikia dakika hiyo hiyo.

Jumanne, 4 Februari
Nimeshinda na simu ya mama. Nimekariri. Ziwa kubwa kuliko yote Italia. Kaskazini ni jembamba, limebanwa na milima, kusini limenenepa. Asubuhi upepo hutoka kaskazini, mchana hugeuka. Kandokando kuna malimau na mizeituni. Flamingo, ndege wanaojaa kwenye ziwa letu, sijaona hata mmoja.
Kisha nikaona picha. Ngome ya mawe, kuta zake ndani ya maji! Nikaelewa yote. Ziwa limepanda, kama letu. Kama Baringo. Nyumba ya shangazi Wangare kule Mwariki, kando ya ziwa letu, ilimezwa hivyo hivyo, tukabaki kutazama paa. Flamingo walihama, bila shaka, kama wetu. Maskini Waitaliano, na wanakuja bila kusema neno.

Alhamisi, 6 Februari
Mpango! Nimemweleza Mzee Mwaura, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kwa sauti ndogo mpaka akanitaka nirudie. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema mgeni aliyefurikiwa na maji hapokewi kwa wimbo peke yake. Kufikia jioni: magunia mawili ya unga, blanketi saba, maharagwe, kuku mmoja. Natalie ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia wivu haufai kanisani. Sista hajui. Nataka kumshangaza.

Jumapili, 9 Februari
Ameshangaa.
Baada ya misa Mzee Mwaura aliwaita wageni mbele. Akawapa pole kwa niaba ya jumuiya nzima, akamkabidhi mama mmoja mwenye mvi, Bi. Ornella, yule kuku. Sista alikuwa akitafsiri. Akapunguza mwendo. Bi. Ornella akauliza ni mafuriko yapi. Macho yote kwangu. Nikaonyesha picha. Akasema ngome hiyo ilijengwa majini makusudi, karne nyingi zilizopita. Natalie alishika benchi asianguke kwa kicheko.
Sista aliniuliza, mbele ya kanisa zima, nilikuwa nafikiria nini. Niliviambia viatu vyangu habari ya shangazi na lile paa. Bi. Ornella akauliza mto unaotoa maji kwenye ziwa letu uko wapi. Lao, alisema, lina mto unaoingia kaskazini na mwingine unaotoka kusini.
"Hakuna," nikasema. "Kwetu maji yana mlango wa kuingia tu."
Aligeukia yale magunia ya unga. Kisha akasema unga na blanketi vipelekwe Mwariki, kwa wale ambao hawajajenga tena. Yule kuku, Bi. Ornella aliomba abaki naye kidogo. Walikuwa wamezoeana.

Jumatatu, 10 Februari
Nimepata kazi! Mwezi mmoja wa majaribio. Sista amesema Natalie anajieleza vizuri kuliko mimi, ila yeye alicheka mbele ya wageni, nami nilitaka kuwafunika blanketi.
"Lakini Wamuyu," akasema, "usiseme tena unajua kitu usichokijua."
Nikaahidi. Kwa moyo wote.
Akaongeza kwamba Machi watakuja wengine, kutoka ziwa moja kule Ufini, nchi ya baridi kali. Je, nimewahi kulisikia? Nikasema nalijua vizuri sana.
Nimeshaona picha. Gari linapita katikati ya ziwa! Limekauka kabisa, maskini, na chini kumebaki chumvi nyeupe tupu, kama Ziwa Magadi. Mzee Mwaura ameanza kutafuta mitungi ya maji. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba sana: Sista asisikie chochote mpaka siku yenyewe.