Tumbusi Juu ya Bati

Mangsir 3, Jumatatu

Mwenyekiti wa kamati yetu ya tumbusi amejiuzulu. Magoti yamemshinda! Uchaguzi Jumamosi. Kile kiti ni changu. Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu Mwalimu Khemlal, mstaafu, anayevaa darubini shingoni hata akienda chooni. Anawajua tumbusi wote waliolelewa kizimbani wakaachiwa, kila mmoja kwa namba ya bawani. Mimi namjua Namba Kumi na Nne tu, kwa kuwa ni mnene.

Mke wangu, Sunkesari, amenikumbusha miradi yangu: uyoga ulioza, nyuki walihama, samaki walikufa maji. Nikiharibu na hili, anarudi kwa mama yake. Kasema hivyo huku anachambua dengu, bila kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mangsir 4, Jumanne

Tumbusi wetu hulishwa ng'ombe wazee waliojifia wenyewe. Kumwua ng'ombe ni dhambi, tena ni jela, kwa hiyo tunangoja. Na msimu huu wazee wote wa zizi la kamati wamekataa kufa! Wageni wanatoka Kathmandu kuja kupiga picha nyasi.

Nikapata akili. Atakayeleta mzoga kabla ya Jumamosi ndiye shujaa. Nimemchukua Kali, ng'ombe wa mjomba, mbavu nje, macho nusu. Mjomba kasema hafiki kesho. Nimemfunga uani, nikamwambia asijione anaharakishwa.

Mangsir 5, Jumatano

Nimemkuta Sunkesari anamlisha Kali uji wa pumba na sukari guru. Nikauliza, nini hiki? Akasema kwake mgeni halali njaa. Nikamweleza kwa upole kwamba mgeni huyu ana miadi. Akanitazama. Nikaenda kuchota maji.

Mangsir 6, Alhamisi

Kali amenipiga teke. Teke la ndama! Mwalimu Khemlal alikuwa anachungulia ukutani na darubini yake. Akauliza, "Vipi bwana, marehemu hajambo?" Kwenye duka la chai wamecheka mpaka chai imewatoka puani. Mshenzi! Atanitambua.

Mangsir 7, Ijumaa

Nimepata wazo jingine. Hapa kwetu kila mtu anampenda tumbusi, ila awe angani au mtini. Akitua juu ya paa lako, hiyo ni nuksi. Mnahama nyumba, pandit anaitwa aitakase kwa sala, majirani wanapita upande wa pili wa njia. Sasa nani atampigia kura mtu mwenye nuksi juu ya bati? Nimenunua utumbo wa nyati wa kufugwa, kapu zima. Mwalimu akienda mtoni kuoga, naurusha juu ya bati lake. Kazi kwisha!

Tatizo, mbwa. Walinifuata tangu buchani. Nikaliweka kapu juu ya bati langu, kwa muda tu, nikaingia ndani kunywa chai.

Kishindo! Nikatoka mbio. Namba Kumi na Nne, mabawa wazi, kasimama juu ya bati la jiko letu, utumbo unaning'inia mdomoni. Amelelewa na watu yule, haogopi kitu. Sunkesari uani, mwiko mkononi. Mwalimu naye ukutani, darubini machoni, eti anahakikisha namba.

Pandit kaja. Sote nje mpaka nyumba itakaswe. Sunkesari kafunga nguo zake furushi. Nikasema, Mama Rupa, nisikilize. Akasema, "Baba Rupa, nimekusikiliza miaka yote hii. Tazama uliponifikisha. Nje!" Imeniuma. Kweli imeniuma.

Mangsir 8, Jumamosi

Nimeenda mkutanoni bila kuchana nywele. Watu wakaniachia benchi zima. Mwalimu akahutubia: tumbusi ni hazina, tumbusi ni ndugu, ila kamati haiwezi kuongozwa na mwenye nuksi. Makofi!

Mara akaingia Sunkesari, furushi mgongoni, yuko njiani kwenda kupanda basi. Akauliza kwa ile sauti yake ya kuitia mbuzi, "Ndugu gani huyo? Wageni wakija mnamwita hazina. Akitua kwangu mnanikimbia hata mimi! Yule kalelewa na watu, kaona chakula, kaja. Mlimwachia ili akae wapi, mawinguni?"

Mwalimu akashusha darubini. Bibi mmoja nyuma akasema, jamani, mwenyekiti si huyo hapo? Mikono ikapanda yote, hata wa Mwalimu. Wangu ulitangulia, naapa.

Amebaki! Mwenyekiti atahamaje? Nimefurahi mpaka machozi yamenilenga. Amri yake ya kwanza: Kali aachwe mpaka siku zake zifike. Ya pili: uji wa Kali nitaupika mimi.

Mangsir 10, Jumatatu

Bado tunalala bandani, pandit hajamaliza. Kali kanenepa, ananipumulia usoni. Sunkesari kaniapisha kwamba sitafanya mpango mwingine tena maishani. Nimeapa, mkia wa Kali mkononi, kama tunavyoapa huku.

Leo nimesikia kuwa kule mtoni wanaachia mamba, wale wa pua ndefu, nao wamelelewa kizimbani. Kamati yao haina mwenyekiti. Nimelipima jambo hili kila upande. Mamba hapandi paa! Nimeshanunua samaki, kapu zima. Nimelificha chini ya nyasi za Kali, karibu na mto wa kulalia wa Sunkesari. Kwa muda tu.